Ajali ya Mashine ya Kukatia Nyasi ya Kupanda: Nani Anawajibika, na Namna ya Kudai Haki Ukiwa Arusha au Moshi

Mashine ya kukatia nyasi ambayo mwendeshaji hukaa juu yake, ile ambayo wengi huiita trekta la nyasi, si kitu kigeni tena katika viwanja vya gofu, hoteli, shule zenye maeneo mapana na mashamba yanayozunguka Arusha na Moshi. Nyingi huingia nchini zikiwa zimetumika, bila kitabu cha maelekezo, na hukabidhiwa mtunza bustani aliyeonyeshwa kwa dakika chache tu namna ya kuiwasha na kuishusha visu. Ajali inapotokea, aliyeumia huambiwa siku hiyohiyo kwamba amejitakia. Hupewa pole na fedha kidogo za dawa, kisha huwekewa mbele karatasi ya kutia saini.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu jambo hilo linaniuma, na kwa sababu si sahihi kisheria. Kosa la mwendeshaji haliufuti wajibu wa mwenye mashine, wala wajibu wa mwenye mashine haumwondolei mwendeshaji sehemu yake. Sheria hupima pande zote mbili, na vipimo vyake hutegemea ushahidi ambao, usipolindwa mapema, huoshwa, hutengenezwa au huuzwa kama chuma chakavu kabla mgonjwa hajatoka wodini.

Kwanza, fahamu mashine hii huumiza vipi

Swali ambalo hakimu atajiuliza katika kila shauri la uzembe ni kama madhara yale yangeweza kutazamiwa na mtu mwangalifu. Huwezi kulijibu bila kuifahamu mashine yenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote ni kupinduka. Vitabu vya watengenezaji wengi hukataza kukata nyasi kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, na huelekeza kwamba mashine ya kupanda ipande na kushuka mteremko, isiukate kwa upande. Nyanda za Meru na Kilimanjaro zimejaa maeneo ambayo macho huyaona kuwa karibu tambarare ilhali yamevuka kiwango hicho. Zaidi ya hapo, kingo za mifereji ya maji, mifongo ya Wachagga ikiwa miongoni mwake, huwa laini wakati wa masika na hufichwa na nyasi ndefu. Gurudumu moja likizama, mashine yenye uzito wa kilo mamia humlalia mwendeshaji. Mashine kubwa za kitaalamu huwa na fremu ya kinga inayosimama nyuma ya kiti. Fremu hiyo husaidia tu ikiwa imesimamishwa na mwendeshaji amefunga mkanda.

Hatari ya pili ni visu. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji wa Marekani huruhusu ncha ya kisu kufikia takriban mita 96 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Kwa kasi hiyo jiwe dogo la volkano, ambalo udongo wetu haukosi, hurushwa kama risasi hadi kwa mpita njia au dirisha la jirani. Ndiyo maana mlango wa kutolea nyasi huwekewa kinga, na ndiyo maana kuiondoa kinga hiyo ili nyasi zisigande ni uamuzi wenye gharama kubwa mbele ya mahakama.

Hatari ya tatu ni kurudi nyuma. Watoto wengi wanaokatwa viungo na mashine hizi hufikiwa kwa nyuma, na mara nyingi mwendeshaji ni ndugu yao aliyedhani wako ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo mashine nyingi za karibuni huzima visu zinapoingizwa rivasi, isipokuwa mwendeshaji abonyeze au ageuze swichi maalumu. Kumpakata mtoto juu ya mashine ili afurahie ni hatari ileile kwa sura nyingine: mtoto huyo huzoea kuikimbilia mashine kila anapoisikia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kwamba mashine ya kupanda isiendeshwe na mtu aliye chini ya miaka 16.

Mwisho kuna swichi ya kiti. Mwendeshaji akiinuka visu vikiwa vinazunguka, mashine inapaswa kuzima. Katika mashine zilizotumika, swichi hii ndiyo kitu cha kwanza kuharibika, na fundi asiye na vipuri huziunga nyaya zake dairekti ili kazi iendelee. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka sehemu hii, liwe hilo. Swichi iliyofungwa waya ni ushahidi wa wazi kuliko maneno ya mashahidi kumi, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtu fulani alijua kinga ipo na akaamua kuiondoa.

Hatua ya kwanza: siku ya ajali na wiki inayofuata

Mashine izimwe, ufunguo uchomolewe na majeruhi apelekwe hospitali. Ajali ya visu huingiza udongo na nyasi ndani kabisa ya kidonda, hivyo hata jeraha linaloonekana dogo linahitaji daktari na chanjo ya pepopunda. Majeraha ya mifupa na viungo vilivyokatika yapelekwe kwenye hospitali yenye wapasuaji, kama vile KCMC au Mawenzi kwa walio Moshi, na Mount Meru kwa walio Arusha. Hospitali nyingi hudai fomu ya polisi ya PF3 kwa majeruhi wa ajali; mtu mmoja aifuate kituoni wakati wengine wanamsindikiza mgonjwa, na matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Hakikisha maelezo ya chanzo cha ajali yaliyoandikwa kwenye PF3 na kwenye faili la hospitali ni ya kweli na yanafanana. Yule aliyeandika “ameanguka” ili kumsitiri mwajiri atapata taabu kueleza baadaye kwamba alikatwa na kisu.

Wakati huohuo mtu mwingine alinde eneo. Apige picha za mashine kabla haijasogezwa, alama za magurudumu, mteremko, ukingo wa mfereji, mlango wa kutolea nyasi, lebo yenye namba ya mashine na, ikiwezekana, nyaya zilizo chini ya kiti. Simu nyingi zina programu ya kupima ulalo. Ilaze juu ya ubao mnyoofu uliowekwa kwenye mteremko, kisha upige picha ya kipimo kwa simu nyingine. Picha zibaki katika simu iliyozipiga, kwa sababu picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za saa na mahali. Chukua majina na namba za simu za waliokuwapo, wakiwemo vibarua wa siku hiyo, ambao wiki ijayo watakuwa wamekwenda kutafuta kazi kwingine.

Kisha mwandikie mwenye mashine barua fupi ya kumtaka asiitengeneze, asiiuze na wala asiifungue mpaka ikaguliwe mbele ya pande zote mbili. Mtafute fundi asiyekuwa na uhusiano na yeyote, na ukaguzi wake aandike kwa mkono na kutia saini: swichi ya kiti inafanya kazi au imeungwa, breki zinashika au hazishiki, visu vinachukua sekunde ngapi kusimama, kinga ipo au haipo, magurudumu yana upepo kiasi gani. Mwenye mashine akikataa ukaguzi, barua yako na kukataa kwake vitakuwa sehemu ya ushahidi.

Katika siku hizo usitie saini karatasi yoyote inayosema umeridhika, hata kama aliyeileta ni mtu unayemheshimu na hata kama fedha zinahitajika kesho. Pokea msaada wa matibabu kwa risiti inayosema ni msaada wa matibabu, basi.

Hatua ya pili: jua umesimama wapi kisheria

Njia ya kudai hutegemea ulikuwa nani pale ulipoumia. Mfanyakazi ana njia yake. Mgeni wa hoteli, mwanafunzi, jirani au mpita njia hufuata njia ya kawaida ya madai ya uzembe.

Utata mkubwa huwa kwa kibarua asiye na mkataba wa maandishi, ambaye huambiwa kwamba yeye si mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa: kwamba namna au saa za kazi yake zinaongozwa na mwingine, kwamba anamtegemea mwingine huyo kiuchumi, kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au kwamba amepewa vifaa vya kazi na huyo anayemfanyia kazi. Mtu anayekata nyasi kwa mashine ya hoteli, kwa saa zilizopangwa na hoteli, ana msingi imara wa kuitwa mfanyakazi wake. Kinyume chake, mkandarasi wa bustani anayekuja na mashine yake na watu wake hubeba wajibu wake mwenyewe, na mwajiri wa yule aliyeumia ni mkandarasi huyo.

Hatua ya tatu: mfanyakazi aanze na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi

Mfuko huu, unaojulikana kama WCF, uliundwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara. Uzuri wake mkubwa ni kwamba huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote, kwani inatosha kwamba uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Ukijeruhiwa kwa sababu ulisahau kusimamisha fremu ya kinga au ulikata mteremko kwa upande, hilo pekee halikutoi kwenye Mfuko. Ulevi na utovu wa nidhamu wa makusudi ni jambo tofauti, na huweza kukuharibia dai.

Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Mwajiri ndiye anayepaswa kuijulisha WCF na kujaza fomu, lakini usimsubiri asiyetaka, kwa sababu dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko na nakala zako. Mwajiri ambaye hakujisajili amevunja sheria, na kosa hilo ni lake, kwa hiyo lisikukatishe tamaa ya kupeleka taarifa.

Mafao yapo ya aina kadhaa. Gharama za matibabu hulipwa. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hupata asilimia 70 ya kipato chake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Anayebaki na ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na asiyezidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo ilhali aliyezidi hupata pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake wana haki zao. Katika kupimwa ulemavu, mweleze daktari kazi unayoifanya kwa undani, maana kupoteza vidole viwili kwa fundi bustani si sawa na kuvipoteza kwa mtu wa mezani.

Ajali hiyo pia ifikishwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, afundishe watu kabla ya kuwakabidhi mitambo na atoe taarifa za ajali. Ripoti ya mkaguzi wa OSHA ni miongoni mwa nyaraka zenye uzito mkubwa utakazoweza kuwa nazo. Na ikiwa mwajiri atakuachisha kazi kwa sababu umeumia au umedai, shauri la kuachishwa isivyo halali linapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu aliye kitandani, hivyo ndugu waujue mapema.

Hatua ya nne: nani mwingine anaweza kushtakiwa

Misingi ya uzembe katika Tanzania Bara imetoka kwenye sheria ya Kiingereza, iliyopokelewa kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Mdai anapaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara.

Mwajiri wa mwendeshaji huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake uliotokea katika kazi yake. Hivyo jirani aliyepasuliwa jicho na jiwe anaweza kumshtaki mwenye hoteli, pamoja na mwendeshaji au bila yeye, wala halazimiki kumfuata kijana wa bustani asiye na kitu. Fundi aliyeunga swichi dairekti na kuirudisha mashine bila kumwambia mtu anaweza kuunganishwa. Muuzaji anaweza kudaiwa chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na yule aliyenunua kwake, ikiwa mashine haikufaa kwa kazi aliyoambiwa itafanya.

Kumfikia mtengenezaji ni kazi ngumu zaidi. Marekani kuna kesi nyingi dhidi ya watengenezaji, wakilaumiwa kwa kutoweka kinga ya rivasi au fremu. Kule, sheria ya lazima ya kisu kusimama ndani ya sekunde 3, iliyoanza mwaka 1982, inahusu mashine za kusukuma kwa kutembea. Za kupanda huongozwa na viwango vya hiari vya tasnia. Msomaji wa Arusha anayezisoma kesi hizo mtandaoni asizichukue kama zilivyo. Mashine iliyopita mikono minne na kubadilishwa vipuri haifanani tena na ile iliyotoka kiwandani, na mtengenezaji atakuwa wa kwanza kulisema hilo.

Ikiwa mashine ni ya shule ya serikali, halmashauri au taasisi ya umma, lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kesi nyingi hutupwa kwa kuruka hatua hii. Kama wewe ni mfanyakazi na unafikiria pia kumshtaki mwajiri wako mahakamani, muulize wakili kwanza namna malipo ya WCF yanavyoathiri shauri hilo, kwa kuwa hasara ileile hailipwi mara mbili.

Hatua ya tano: ikubali na uipime sehemu yako ya kosa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji awe mkweli kwa nafsi yake. Kwa sheria yetu, uzembe wa aliyeumia hauui dai lake; hupunguza fidia kwa kadiri mahakama itakavyoona ni haki, kwa mujibu wa sheria inayojulikana kama Sura ya 310. Hasara ikiwa shilingi milioni 20 na mahakama ikaona mwendeshaji alichangia kwa asilimia 30, atapata milioni 14. Katika majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Virginia, kosa dogo tu la mdai humnyima kila kitu. Hapa kwetu si hivyo.

Kwa hiyo wakili wako aambiwe yote: kwamba uliinuka kitini kuchomoa nyasi visu vikizunguka, kwamba ulivaa kandambili, kwamba ulijua swichi ni mbovu. Jambo lililofichwa huibuka wakati wa maswali ya upande wa pili na huchafua hata ukweli uliousema. Na mara nyingi ukweli wenyewe husaidia: mfanyakazi aliyejua swichi ni mbovu, akamwambia msimamizi, akajibiwa aendelee na kazi, ana hali nzuri kuliko aliyenyamaza. Ujumbe wa simu aliomtumia msimamizi una thamani kubwa.

Mwenye mashine naye ana la kufanya kabla ya ajali. Atafute kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo, arudishe kila swichi na kinga, aweke alama za mbao kwenye kingo na miteremko isiyokatwa, apige marufuku kukata nyasi wakati wa mapumziko ya wanafunzi au wageni wakiwa bustanini, na aweke daftari la mafunzo lenye saini. Aulize pia kampuni yake ya bima kuhusu dhima kwa watu wengine, asidhani bima ya magari yake inafika hadi bustanini.

Hatua ya sita: hesabu hasara, dai, na nenda mahakamani ikibidi

Mahakama hutofautisha hasara mahususi na fidia ya jumla. Hasara mahususi, kama dawa, nauli za kliniki, mguu bandia na mishahara iliyopotea, lazima itajwe kwa tarakimu na kuthibitishwa kabisa, hivyo kila risiti itunzwe, hata ya bajaji. Fidia ya jumla ni ya maumivu na maisha yaliyobadilika, na kiasi chake hukadiriwa na mahakama. Kikomo cha Mahakama ya Wilaya kwa madai yasiyo ya ardhi ni shilingi milioni 200, na kinachohesabiwa ni hasara mahususi. Usiongeze fidia ya jumla ili kesi ionekane kubwa. Utaishia mahakama isiyo yako.

Anza na notisi ya madai inayoeleza tukio, msingi wa dai, kiasi na siku za kujibu. Mapatano ya haki ni mazuri kuliko miaka ya kuhudhuria mahakamani, ila yafanyike baada ya daktari kusema hali yako imetulia, na yasomwe na wakili kabla ya saini. Asiye na uwezo atafute mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Ofisi za ustawi wa jamii na halmashauri zinaweza kumwelekeza.

Ukomo wa kufungua shauri la uzembe ni miaka 3 tangu madhara yatokee. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa atakapofikisha miaka 18, ingawa simshauri mzazi kusubiri, maana mashine na mashahidi hawatasubiri. Aliyefariki huwakilishwa na msimamizi wa mirathi kwa manufaa ya wategemezi. Shauri likishafunguliwa litapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Likishindikana, litasikilizwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo dai kusomewa na kueleweshwa kila nyaraka inayohusu shauri lako.

Ukishinda, hukumu peke yake haikuletei fedha. Mdaiwa asipolipa, omba mahakama ikaze hukumu kwa kukamata akaunti yake au mali nyingine. Maombi hayo yanaruhusiwa ndani ya miaka 12, na deni la hukumu huzaa riba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka mpaka lilipwe. Tangu mwanzo wa shauri, andika mahali unapojua mdaiwa ana benki, magari na viwanja, kwa kuwa dalali wa mahakama atakuuliza hayo.